Historia ya Spika za Kwaya Yetu: Kutoka Honi ya Kwanza hadi Jubilii ya Dhahabu



Kamati ya jubilii ilipogawa kurasa za kijitabu hiki, historia ya nyimbo zetu, ya walimu wa kwaya na ya sare zetu zilipata waandishi siku hiyo hiyo. Historia ya spika ilibaki mezani bila mwenyewe. Tumeichukua sisi wa ofisi ya katibu pamoja na vijana waliozitengeneza, kwa sababu mbili. Kwanza, spika hizi zimekaa nasi karibu miaka yote 50 na hakuna aliyewahi kuandika habari zake. Pili, mwaka huu nusura ziuzwe kama vyuma chakavu. Wengi wenu mlikuwa kwenye mkutano ule na mnakumbuka maneno yaliyosemwa. Ni haki mjue pia kilichofanyika baada ya mkutano.

KABLA YA SPIKA

Muhoroni ni mji wa reli na wa miwa. Reli iliyotoka Mombasa ilifika Ziwa Victoria mwezi wa Desemba 1901, na treni zilizoshuka kutoka milimani zilipita Fort Ternan, Koru na hapa kwetu kabla ya kuingia uwanda wa Kano kuelekea Kisumu. Kiwanda cha sukari cha Miwani kilianza 1922, chetu cha Muhoroni 1966, na Chemelil 1968. Reli na viwanda vilileta watu wa kila upande: Waluo, Wanandi, Wakipsigis, Waluhya, Wakisii na wengine. Ndiyo maana kwaya yetu, ingawa inaimba Kidholuo vizuri, imetumia Kiswahili tangu siku ya kwanza. Ndiyo lugha waliyokutana nayo wazazi wetu shambani, kiwandani na stesheni.

Upande wa Kanisa, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya liturujia tarehe 4 Desemba 1963, na mwaka 1967 ikafuata hati ya Roma juu ya muziki mtakatifu. Lugha za watu zikaruhusiwa katika Misa, na ngoma na kayamba zikapata nafasi kanisani. Wazee wetu wanasema badiliko hilo lilileta jambo ambalo halikutarajiwa. Wakati wa Kilatini, aliyekaa nyuma alifuata kengele na ishara za padre, akaridhika. Misa ilipoanza kusomwa kwa Kiswahili, yule wa nyuma alitaka kusikia. Neno lilikuwa lake sasa, na likipotea njiani alijua kwamba limepotea.

Kwaya ya kwanza ilijibu hitaji hilo kwa vifua vyake. Walisimama mbele, sauti ya nne karibu na ukuta ili ukuta uwasaidie, na mwalimu akawafundisha kumalizia kila neno. Msomaji alipanda juu ya kisanduku. Mvua ilipopiga mabati, kila kitu kilisimama mpaka ipite.

SPIKA ILITOKA WAPI

Kabla ya kuzungumzia spika zetu, tueleze kifaa chenyewe, maana wengi wetu tumekaa mbele yake maisha yote bila kukiona ndani.

Mwaka 1898 Mwingereza Oliver Lodge alipata hataza ya koili inayocheza ndani ya sumaku. Mwaka 1915, huko Napa, California, Peter Jensen na Edwin Pridham walitengeneza spika iliyoweza kusikika mbali. Waliiita Magnavox, jina la Kilatini lenye maana ya sauti kuu. Septemba 1919 Rais Woodrow Wilson wa Marekani aliitumia kuhutubia umati mkubwa uwanjani San Diego. Mwaka 1925 wahandisi Chester Rice na Edward Kellogg walieleza muundo wa spika ya koni, na muundo huo ndio tunaotumia mpaka leo. Tarehe 12 Februari 1931 Papa Pius XI alizindua Redio Vatikano, iliyojengwa na Marconi mwenyewe.

Kenya ilianza kutangaza redio Nairobi mwaka 1928, kwanza kwa ajili ya walowezi. Kufikia 1964, Sauti ya Kenya ilipoundwa, redio ilikuwa imefika kwa wananchi. Kwetu spika ilijulikana kwanza kwa redio, kisha kwa santuri za benga. Duka la Chandarana la Kericho, si mbali na hapa, lilitoa santuri za bendi nyingi za upande huu. Kwa hiyo, wazee wetu walipopendekeza spika iingie kanisani, wapo waliouliza kama kitu cha baa na cha mikutano ya siasa kinafaa kukaa karibu na altare. Jibu lililotolewa wakati huo bado ni zuri: spika haina dini wala siasa, inasema inachoambiwa.

Ndani yake ni hivi. Kuna sumaku nzito nyuma. Katikati ya sumaku kuna ufa mwembamba wa duara, na ndani ya ufa huo inaning'inia koili ya waya mwembamba. Koili imegundishwa kwenye koni ya karatasi. Umeme wa amplifaya ukipita kwenye koili, koili husukumwa mbele na nyuma na sumaku, na koni husukuma hewa. Koni inashikiliwa mahali pawili: nyuma na kitambaa chenye mikunjo ambacho mafundi hukiita buibui, na mbele na ukingo laini unaoiunganisha na fremu ya chuma. Basi. Hakuna kingine cha siri. Kikiharibika, kimoja kati ya hivyo ndicho kimeharibika.

SPIKA ZETU WENYEWE

Ya kwanza ilikuwa honi moja ya alumini, yenye mdomo mpana kama ua la boga, pamoja na amplifaya ndogo iliyotumia betri ya gari ya volti 12. Ilinunuliwa kwa michango ya wakulima na wafanyakazi wa kiwandani, wengine wakitoa sehemu ya malipo ya miwa yao ya msimu mzima. Honi ilifaa kwa sababu maalumu. Spika ya kawaida ya koni hugeuza kama asilimia 1 au 2 tu ya umeme kuwa sauti, na iliyobaki huishia kuwa joto. Honi hubana hewa kooni mwake na kugeuza sehemu kubwa zaidi mara kadhaa. Kwa hiyo wati chache za betri ziliweza kufika hadi sokoni. Lakini honi huonea sauti nene. Wazee wa sauti ya nne walilalamika kwamba wanaimba na hawasikiki, wakati sauti ya kwanza inasikika hadi njia ya Chemelil.

Ndipo yakanunuliwa masanduku mawili ya mbao, mitumba kutoka Nairobi, yakaja kwa treni na kushushwa stesheni yetu. Kila moja lina spika ya inchi 12 na kispika kidogo cha sauti nyembamba. Hayo ndiyo masanduku ya kijivu mnayoyajua. Miaka mingi baadaye familia moja iliyohama ilituachia mengine mawili, ya nyumbani, mazuri kwa sura, yenye vitambaa vyeusi mbele.

Vijana walipofungua masanduku ya kijivu waliona sumaku ndogo, ndefu, yenye umbo la kikombe. Yale mawili ya baadaye yana sumaku pana na bapa kama chapati nene. Tofauti hiyo ina historia inayotuhusu. Sumaku ya zamani ni ya alniko, mchanganyiko wa chuma pamoja na alumini, nikeli na kobalti. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia ilitoka Zaire, katika migodi ya Shaba, yaani Katanga, ambako watu wanazungumza Kiswahili kama sisi. Mei 1978 vita viliingia Kolwezi, mji wa migodi yenyewe. Bei ya kobalti ilipanda ghafla, na watengenezaji wengi wa spika duniani wakahamia sumaku za kauri, ambazo hazihitaji kobalti. Ukiona spika kubwa yenye sumaku ya alniko, mara nyingi ni ya kabla ya vita hivyo. Masanduku yetu ya kijivu ni ya wakati huo.

ZILIVYOHARIBIKA

Hakuna aliyeziharibu kwa siku moja. Muhoroni yenyewe ilizila polepole. Mashamba ya miwa yakichomwa kabla ya kukatwa, masizi meusi huelea hewani na kuingia kila mahali. Unyevu wa mvua za mchana hulainisha gundi. Ngurumo za radi za upande huu wa Ziwa hupitisha mshtuko kwenye nyaya, na amplifaya ya pili ilikufa hivyo. Panya walikula kitambaa cha mbele. Ndani ya koo la honi nyigu walijenga nyumba ya udongo, wakaiziba kabisa.

Lililotushangaza ni kwamba masanduku yaliyokuja mwisho ndiyo yaliyoumia zaidi. Spika zake zilikuwa na ukingo wa sponji. Sponji ya aina hiyo huliwa na joto na unyevu, na kwa kawaida baada ya miaka 15 au 20 huanza kubomoka hata kama haijaguswa. Zetu zilibaki unga mweusi unaonata vidoleni. Spika za masanduku ya kijivu zina ukingo wa kitambaa kilichokunjwa na kupakwa dawa, na miaka yote hiyo zilipata michaniko miwili tu.

Spika zilipoanza kukwaruza tuliziweka stoo nyuma ya sakristia, tukaanza kukodi mitambo kwa sikukuu. Jumapili za kawaida tulitumia kipaza sauti kimoja kidogo, na benchi za nyuma zikarudi hali ile ya kabla ya spika. Kuna mama mmoja mzee, hatutamtaja jina, aliyetuambia kwamba kwa miaka kadhaa amekuwa akisikia Injili kama mtu anayezungumza ndani ya mtungi.

MKUTANO

Hoja kwenye mkutano ilikuwa kununua mitambo mipya kwa ajili ya jubilii. Waliotaka mipya walikuwa na sababu za kweli: mitambo ya siku hizi ni myepesi, ina amplifaya ndani yake, inaunganishwa na simu bila waya, na haiwaaibishi wageni. Mmoja alisema kipya kinyemi ingawa kidonda, watu wakacheka. Mzee mmoja akamjibu kwamba hii ni jubilii ya dhahabu, na ya kale ni dhahabu.

Kicheko kiliisha mwekahazina aliposoma hesabu. Fedha za jubilii zilizokuwepo zilitosha mitambo mipya, lakini zisingebaki za kitu kingine. Na kulikuwa na kitu kingine: ahadi tuliyoitoa makaburini, kwamba kwaya itasaidia karo ya watoto wawili wa mwenzetu aliyefariki. Mwaka ambao malipo ya miwa yamechelewa nyumba hadi nyumba, hakuna mfuko wa pili wa kukimbilia. Kwa hiyo swali halikuwa tu kuhusu spika. Kila aliyesimama baada ya hapo alizungumza taratibu.

Uamuzi ulikuwa huu: vijana wapewe miezi mitatu na fedha zisizozidi gharama ya kukodi mitambo kwa sikukuu moja. Wakishindwa, masanduku yauzwe kwa uzito, na kwaya ifikirie upya. Karo isiguswe.

KAZI YA BARAZANI

Kazi ilifanyika nyumbani, kwenye baraza ya mwanakwaya mmoja, Jumamosi mchana na wakati wa likizo ya shule. Tunaieleza kwa kina kidogo kwa sababu nyumba nyingi hapa zina redio au spika kuukuu juu ya kabati, na mwenye nyumba anadhani imekufa.

Hatua ya kwanza ilikuwa kupima. Betri moja ya tochi, volti 1.5, ikiguswa kwa sekunde moja kwenye nyaya za spika kubwa, koni huruka kidogo na kutoa mlio wa "tak". Ikitoa mlio huo, koili iko hai. Kisha tukatumia mita. Spika iliyoandikwa omu 8 husoma kama 6 kwenye mita, na hiyo ni afya. Ikisoma hakuna kitu, waya umekatika. Halafu tulisukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili, kwa usawa. Ikikwaruza, koili imegusa sumaku. Kati ya spika nne kubwa, tatu zilikuwa hai. Moja ya zile za baadaye ilikuwa imeungua koili, na tukaiacha iwe ya kutoa vipuri.

Pili, kusafisha. Masizi ya miwa yaliondolewa kwa brashi laini ya rangi, bila maji, kwa sababu maji huivimbisha karatasi ya koni. Sumaku za alniko hatukuzifungua. Fundi tuliyemwuliza Kisumu alituonya kwamba sumaku ya namna hiyo ikitenganishwa na chuma chake hupoteza nguvu, na nguvu hiyo hairudi barazani.

Tatu, kingo. Michaniko ya kitambaa tuliiziba kwa vipande vya karatasi ya chai na gundi inayobaki laini ikikauka. Kwa spika ya sponji, tuliagiza ukingo mpya kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, ukaja na basi. Wapo waliopendekeza tyubu ya baiskeli. Raba ya tyubu ni nzito na ngumu, koni hushindwa kucheza, na sauti nene hupotea. Sponji ya zamani ilikwanguliwa polepole, siku nzima, bila kuchana karatasi. Kisha kile kifuniko kidogo cha katikati kiliondolewa, vipande vyembamba vya karatasi vikaingizwa kuizunguka koili ili ikae katikati ya ufa, ukingo ukagundishwa, na spika ikaachwa siku nzima bila kuguswa. Hapo ndipo uvumilivu ulipohitajika kuliko ujuzi. Kijana akiharakisha kuichomoa karatasi, koili huinama na kazi hurudi mwanzo.

Nne, kapasita. Ndani ya kila sanduku kuna kapasita inayopeleka sauti nyembamba kwenye kispika kidogo. Zile za zamani hukauka. Zikikauka, kispika hupewa umeme kidogo, na herufi kama s, t, k na f hufifia. Hili si jambo dogo kwa Kiswahili. Fikirieni "pasa", "pata" na "paka": irabu ni zile zile, na kinachotofautisha ni herufi moja nyembamba. Mama yetu wa mtungini alikuwa anasikia irabu tu. Tuliweka kapasita mpya zenye kipimo kile kile, za aina isiyo na upande wa chanya na hasi, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko nauli ya kuzifuata.

Tano, sanduku lenyewe. Viungo vilivyoachia vilipakwa gundi na kubanwa, na kila ufa ukazibwa, maana hewa ikipenya pembeni sauti nene hutoka nayo. Ndani tuliongeza pamba ya godoro kwenye kuta. Kwa kitambaa cha mbele kipimo ni rahisi: kiweke mdomoni upulize. Pumzi ikipita bila shida, sauti nayo itapita. Kina mama wa kwaya walichagua kitambaa, wakashona, na ndiyo maana masanduku yanafanana na sare za jubilii.

Honi ilisafishwa koo kwa fimbo iliyofungwa kitambaa, ikafungwa wavu mwembamba mdomoni ili nyigu wasirudi.

Amplifaya hatukuigusa wenyewe. Kapasita kubwa zilizomo hushika umeme hata baada ya kuchomolewa ukutani, na umeme huo unaweza kuua. Ilipelekwa kwa fundi aliyesomea kazi hiyo. Tunawasihi wazazi mliosoma ukurasa huu: mtoto afungue spika, lakini amplifaya asiifungue.

TULICHOBORESHA NA TULICHOKATAA

Kutengeneza peke yake kusingetosha, kwa sababu hata zilipokuwa mpya spika hizi hazikuwekwa vizuri. Nyaya nyembamba za zamani ziliondolewa, zikawekwa nene. Masanduku yalipandishwa juu ya vichwa vya watu na kuinamishwa kidogo kuelekea benchi za nyuma. Yalisogezwa mbele ya maiki, na ule mluzi uliokuwa ukimkatiza padre ukaisha. Nyaya zote zilipangwa chanya kwa chanya. Zamani sanduku moja lilikuwa limegeuzwa: moja likisukuma hewa, la pili linavuta, na sauti nene ya moja inaimeza ya jingine. Sauti ya nne imeonewa miaka mingi na waya mmoja tu.

Vijana waliomba pia sanduku kubwa la besi na amplifaya ya wati nyingi. Hoja ilijadiliwa kwa heshima, na tulikubaliana kuikataa kwa sasa. Ukizidisha wati mara mbili, sikio huona ongezeko dogo tu. Ili sauti ionekane kuwa kubwa maradufu, unahitaji kama mara 10 ya wati. Na kanisa letu lina mabati juu na saruji chini. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, hugonga ukuta wa nyuma na kurudi juu ya neno linalofuata. Ukiongeza nguvu, unaongeza pia kile kinachorudi. Kinachosaidia kanisa la namna hiyo ni spika kumwelekea msikilizaji, msomaji kwenda taratibu, na watu kujaa, kwa sababu miili na nguo hunywa mwangwi. Hili la mwisho tunawaachia ninyi waumini.

Sanduku la tatu liko barazani kwa kina mama wenye watoto wachanga. Honi imerudi juu lakini imeelekezwa uani, na hutumika kwa maandamano na mazishi tu, mchana. Kanuni za serikali za mwaka 2009 kuhusu kelele zinahusu pia nyumba za ibada, na hata zisingekuwepo, jirani anayelala baada ya zamu ya usiku ni jirani.

SIKU YA KUJARIBU

Tulijaribu Jumamosi jioni, kanisa likiwa na watu kama Misa ya kawaida. Msomaji alisoma somo la pili la kesho yake. Wazee waliketi benchi tatu za mwisho, na baada ya kila aya waliulizwa wamesikia nini, wala si kama wamesikia. Walirudia maneno. Yule mama alirudia sentensi nzima, kisha akasema msomaji ana haraka. Msomaji alikubali.

Baadaye tulicheza kanda ya kaseti ya kwaya yetu ya mwanzo, iliyotunzwa na mmoja wa waanzilishi. Sauti zilitoka kwenye masanduku yale yale yaliyonunuliwa na waimbaji wale wale, na wengi wao sasa wamelala. Waliobaki waliwataja mmoja mmoja kadiri walivyowatambua: huyu ni fulani, yule ni mume wa fulani. Vijana wa sauti ya nne, waliodhani sehemu yao ni ya kujaza tu, walimsikia mzee aliyeibeba peke yake. Hatukuongeza neno jioni ile.

Kwa fedha, kazi yote iligharimu chini ya kiwango tulichopewa. Muhula wa kwanza wa karo umelipwa kwa watoto wote wawili.

MAOMBI YETU KWENU

Ili aliyekuja baada yetu asiyakute tulivyoyakuta, tunaomba haya:

1. Masanduku yafunikwe kila baada ya Misa, hasa msimu wa kuchoma miwa.
2. Radi ikianza, amplifaya ichomolewe ukutani. Kuzima swichi hakutoshi.
3. Sauti ikianza kukwaruza, ipunguzwe hapo hapo. Mkwaruzo ni spika inayoomba msaada.
4. Maiki isipulizwe wala kugongwa. Semeni "moja, mbili" inatosha.
5. Mtu mmoja tu kwa kila Misa ashike vitufe, na jina lake liandikwe.
6. Kila mwaka, wiki ya jubilii, masanduku yafunguliwe na kukaguliwa, na kijana mmoja mpya afundishwe.

Tunajua siku itafika ambapo spika hizi hazitatengenezeka tena, na siku hiyo kwaya itanunua nyingine bila huzuni. Hazikuletwa ziabudiwe. Wazee walizinunua ili aliyekaa nyuma asikie. Mradi zinafanya hivyo, bado zinafanya kazi waliyoilipia.

 Leo kwaya ikiimba, tunawaomba walioketi mbele wageuke kidogo na kuwatazama walioketi nyuma. Wakiwa wanaimba nasi, mtajua wanasikia.

 

Ofisi ya Katibu, kwa niaba ya kwaya